Vipimo Alivyoandika Mama Waya

12 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Habari za huko? Sisi hapa tunasukuma siku. Shemeji yako bado anatengeneza saa za watu na yake mwenyewe haiendi. Mwanao mkubwa amepata kazi kwenye duka la dawa, na sasa kila anayekohoa humu ndani anapewa maelezo. Cherehani zote nne ni nzima, ila ile ya dirishani inaruka mishono kukiwa na unyevu. Naijua tabia yake kama ninavyoijua yako.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi ni "nitakupigia", halafu basi. Karatasi angalau hainikatizi.

Jarida la chuo limefika. Hukutia hata kijikaratasi ndani, nikajua umefunga bahasha ukiwa mbioni. Nilinawa mikono ndipo nikafungua. Nimefurahi mno kusoma kwamba mwezi wa nane watakuenzi kwa kazi yako ya miaka yote hii, na kwamba wanafunzi wako wa zamani watatoka kila upande kuja. Shemeji yako akauliza, "Hivi hasa anafanya nini huko?" Nikamsomea palipoandikwa: ukitaka kujua mvua ya kesho, hesabu ni nyingi kiasi kwamba kompyuta moja ingemaliza mvua ikiwa imeshanyesha na nguo zimeshalowa. Kwa hiyo kazi inakatwa vipande. Kila kompyuta inapewa kipande chake cha anga, zote zinapiga hesabu kwa wakati mmoja, na wingu likivuka mpaka, jirani anaarifiwa. Na programu ya kuzigawia kazi na kuzipatanisha ni yako.

"Kumbe ni mnyapara wa kompyuta," akasema.

Nilimwambia anyamaze, lakini kichwa kilinivimba kidogo.

Halafu nikafika ukurasa wa pili. Umesema juu ya yule mwenzako wa ofisi ya jirani, mnayemwita Mama Waya: "Amekuwa kwangu zaidi ya dada."

Nikavaa miwani nikasoma tena. Maneno hayakubadilika.

Sina la kusema. Nilitaka tu ujue kwamba limefika.

Dada yako (yule wa kawaida)

20 Machi

Shikamoo dada,

Barua yako imekaa mezani kwangu muda mrefu, nisamehe. Mihadhara, vikao, mambo. Mwambie shemeji mnyapara anamsalimu. Na mwanangu wa duka la dawa mpongeze, ila asinipe maelezo, ninayo ya kutosha.

Ile sentensi ya jarida tuiache. Mwandishi alinikuta nimechoka, akauliza mengi, akachukua alilotaka.

Nina ombi. Hapa chuoni kuna desturi: anayeenziwa huvishwa joho jukwaani na watu wawili, mmoja wa kazini, mmoja wa nyumbani. Wa kazini ni Mama Waya, hilo halina ujanja. Nusu ya ile programu ni yake. Jina lenyewe alilipata siku alipokutwa amelala chini ya sakafu ya chumba cha mashine, anavuta nyaya, watu wakadhani amezirai. Wa nyumbani nimeandika wewe, bila kukuuliza.

Na chini ya joho nataka gauni ulilolishona wewe. Zambarau iliyokolea, mikono mirefu, shingo ya juu. Usiniulize kwa nini mikono mirefu mwezi wa nane. Ukumbi una baridi.

Vipimo viko hapa chini. Amenipima Mama Waya, na mwandiko ni wake, mimi nilikuwa nimenyoosha mikono.

Chiriku

Kifua 78. Kiuno 61. Nyonga 83. Mkono 57.

2 Aprili

Chiriku,

Hatujambo. Shemeji yako ana kikohozi. Mwanao amempa dawa tatu, na baba mtu amezimeza zote ili mtoto asivunjike moyo.

Gauni nitashona. Kuja siwezi. Shule mbili zimeagiza sare, na mwezi wa nane ndio wa kuzipeleka. Usidhani nimenuna. Huyo mwenzako ana mikono miwili, akuvishe pande zote.

Sasa vipimo. Huyo Mama Waya ashike waya, tepu aniachie mimi. Kiuno 61? Hicho ni kiuno cha mtoto wa sekondari. Msaidizi wangu alipokiona alisema, "Mama, huyu ni mteja au hanga?" Tepu za plastiki zikizeeka hurefuka, halafu zinasoma pungufu. Kila fundi anajua hilo, yeye ni nani wa kumwambia? Mimi nimekushonea tangu sare yako ya darasa la kwanza. Gauni la mazishi ya Mama, miaka mitatu iliyopita, lilikuwa kiuno 82, na ulilalamika linakubana ukikaa. Nitatumia vipimo vyangu.

La pili. Nilikuwa nimejiapiza nisiliseme, lakini nitalisema. Kwenye ukurasa wa tatu wameeleza kwamba kila kompyuta katika programu yenu, kila baada ya muda mfupi, inawapelekea majirani zake neno moja: nipo. Ikinyamaza, wenzake wasiendelee kuisubiri milele, wajue kuna jambo. Wameandika kwamba hiyo ndiyo sehemu inayopendwa kuliko zote, na kwamba aliyeibuni ni Mama Waya, siku moja akinywa chai.

Chai gani, Chiriku?

Mama akiwa kazini, nani aliachiwa jiko na mtoto kwa pamoja? Mimi napika, siwezi kuacha chungu, na wewe uko nyuma ya nyumba. Nikigonga kifuniko cha sufuria, unaitika "Nipo!" Nikigonga nisisikie kitu, natoka na mwiko. Siku uliyonyamaza nilikukuta umekula nusu kipande cha sabuni, na mapovu mdomoni, unaniambia, "Dada, inateleza."

Sasa nasoma kwamba neno hilo limezaliwa kwenye kikombe cha mtu mwingine. Sawa. Hongera zake.

Dada

30 Mei

Chiriku,

Salamu kutoka kwetu sote. Kikohozi kimekwisha. Ile cherehani ya dirishani nimeihamishia ukutani na sasa imetulia.

Barua yangu ya tarehe 2 Aprili hujaijibu. Nilipiga simu nikaambiwa umepumzika. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, mnyapara amepumzika! Aliyepokea simu yako hakusema jina, lakini sauti ilikuwa ya mtu mwenye funguo za nyumba.

Kifurushi nimekipeleka posta leo. Kitambaa ni kizito kidogo, kinaanguka vizuri. Bitana ni ya hariri, mikono mirefu kama ulivyotaka, vifungo vya nyuma nimevifunika kwa kitambaa kilekile. Kimoja kimoja, kwa mkono. Wasaidizi sikuwaachia hata pindo.

Kama kuna jambo nimekosea katika barua ile, sema. Kukaa kimya si tabia yako. Hatukukupa jina la ndege kwa sababu ya manyoya.

Dada

18 Juni

Shikamoo dada,

Natumaini shemeji na watoto hawajambo. Sisi huku tunaendelea vizuri.

Gauni limefika salama. Ni zuri sana na limenikaa vizuri. Kila aliyeliona amelisifia. Asante sana kwa kazi kubwa uliyofanya.

Maandalizi ya sherehe yanaendelea. Nafasi yako ya jukwaani bado ipo.

Wako,
Chiriku

27 Juni

Chiriku,

Leo sina habari za nyumbani. Wote wazima, inatosha.

Unadhani sijui mwandiko? Ile saba yenye mkia, iliyoandikwa kwenye "Kifua 78", ndiyo ile ile iliyoko kwenye anwani ya bahasha yako ya juzi. Hata "shikamoo" yangu siku hizi inaandikwa na Mama Waya. "Sisi huku tunaendelea vizuri." Sisi nani? "Wako"! Tangu lini umeniandikia "wako"?

Amekuwa na wewe miaka ishirini na sita ofisini. Picha zenu ziko kwenye jarida. Anajua unapenda kiti gani, anapokea simu yako, anakupima mwili, sasa anakuandikia na barua za ndugu zako. Mimi nimebaki na nini? Nilikataa kuja huko kwa sababu ya joho; kusema kweli sare za shule si kitu, wasaidizi wangezimaliza. Sikutaka kusimama mbele ya watu elfu, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, wote wakijua yupi dada na yupi mshonaji.

Basi, nimelisema. Kama huna muda wa kushika kalamu mwenyewe, usiandike.

Dada

11 Julai

Dada,

Huu ni mwandiko wangu. Utaona jinsi ulivyo, ndiyo maana sikukuandikia. Nimeanza tangu juzi na naandika nikipumzika.

Gauni halijanikaa. Nililivaa mbele ya kioo, likaanguka begani kama la mtu mwingine. Mama Waya alikusanya kitambaa nyuma akakibana kwa vibanio vya karatasi vya ofisini. Tukacheka mpaka nikakaa chini. Vipimo vyake vilikuwa sahihi, dada. Tepu yake haikurefuka.

Ni ugonjwa wa damu. Natibiwa tangu Oktoba ya mwaka jana. Mikono mirefu ni kwa ajili ya alama za sindano. Mama Waya anajua kwa sababu nilianguka ofisini, na ukuta kati yetu ni wa mbao. Alisikia kishindo. Sikuchagua kumwambia yeye, alikuwa karibu tu. Funguo za nyumba anazo kwa sababu kuna siku siwezi kufika mlangoni. Barua ile nilimwambia cha kuandika, na "wako" ni adabu zake. Amehuzunika sana kwa maneno yako, na hataki nikuambie.

Kwa nini wewe sikukuambia. Nitajaribu.

Mama alipougua, wewe ndiye uliyemgeuza kitandani miaka miwili. Wewe ulijua chai yake iwe na ukali gani. Mimi nilikuja na maua, nikasimama mlangoni, na Mama akauliza mara mbili kama yule mgeni amepewa maji. Nilinywa hayo maji, dada. Nilirudi huku na wivu ambao sijawahi kuutaja kwa mtu. Watu wananiandalia sherehe, na mimi ningeitoa yote ili kuwa wewe kwa wiki moja katika chumba kile.

Halafu nikaugua mimi. Nilijua nikikuambia utafunga duka siku hiyo hiyo, utakuja kuniuguza, na nitakuwa mgonjwa wako wa pili. Barua zako zilikuwa za hasira, za kunionea gere. Nilizisoma kitandani nikacheka. Hakuna anayemwonea gere mgonjwa. Kwako nilikuwa bado mzima, na nilitaka niendelee kuwa hivyo kidogo.

Kuhusu "nipo". Chai ilikuwepo. Programu ilikuwa inakwama: kompyuta moja ikifa, elfu nane zinakaa zikiisubiri, siku nzima inapotea. Nikamsimulia Mama Waya habari ya sufuria na sabuni ili acheke. Hakucheka. Akaweka kikombe chini, akachukua kalamu. Neno lilikuwa letu. Namna ya kulifanya lifanye kazi ni yake, na ilimchukua mwaka. Jarida halikukosea, halikujua tu nyumba ya mwanzo.

Alitaka kulipunguza gauni, anajua kushona kidogo. Nimemkataza asiliguse. Mkasi wa kuligusa ni wako.

Chiriku

19 Julai

Chiriku,

Shemeji yako anakusalimu, na mwanao pia. Ameniandikia maswali ya kumuuliza daktari wako, ukurasa mzima, na safari hii sikumcheka.

Sare nimewaachia wasaidizi. Nafika Jumanne ijayo kwa basi la asubuhi. Nakuja na mkasi, uzi wa rangi ile ile, na tepu yangu.

Nikifika nitagonga mlango. Ukinyamaza, mwiko ninao mkobani.

Mambo mengine tutayasemea huko. Au tusiyaseme.

Dada

26 Agosti

Chiriku,

Nimefika salama. Nyumba nimeikuta imesimama, ingawa shemeji yako amechoma sufuria mbili na kuzificha chini ya kabati.

Siku ya sherehe ulikuwa umeketi mbele, umetazama jukwaa, kwa hiyo yapo ambayo hukuyaona. Nakuandikia yasipotee.

Hukuona watu wa nyuma walivyosimama ukutani viti vilipokwisha. Kuna bwana mmoja mnene, mwanafunzi wako wa zamani, aliyemwambia jirani yake, "Alinirudishia kazi yangu mara sita." Jirani akamwambia, "Mimi tisa, na bado nampigia simu." Walikuwa wanashindana nani uliyemsumbua zaidi. Mimi nilisikiliza nikaona wivu, kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi umenisumbua miaka mingapi.

Hukuniona wakati ule walipoonyesha programu yako kwenye ile skrini kubwa, taa ndogo ndogo, kila taa kompyuta moja inayosema nipo. Yule kijana wa maabara akatangaza kwamba anachomoa waya wa kompyuta moja. Taa ikazimika. Nilishika kiti. Kisha kile kipande cha kazi kikachukuliwa na majirani wawili, huyu nusu na huyu nusu, na hesabu ikaendelea kama kawaida. Watu wakapiga makofi. Nilipogeuka, Mama Waya alikuwa ananitazama.

Na la gauni. Siku ile nilipokupima, ulidhani nimepima mara ya pili kwa sababu ya umakini wa fundi. Nilipima tena kwa sababu tepu yangu ilisoma kama yake, na sikutaka. Kiuno tu ndicho kilichokuwa kimepungua hata zaidi ya alivyoandika. Yeye alikuwa amesimama pembeni ananipa pini, moja moja, upande wa kichwa ukiwa mbele kama inavyotakiwa. Nilimchukia kwa hilo. Nilikuwa naomba akosee hata moja.

Aliponisindikiza kwenye basi nilimwambia, "Simama hapo," nikatoa tepu nikampima papo hapo kituoni, watu wanatazama. "Za nini?" akauliza. Nikamwambia, "Huwezi kuendelea kumpeleka ndugu yangu hospitali na sketi hiyo." Nitamshonea gauni. Kitambaa kizuri, ila kisichofikia chako.

Joho nilikuvisha upande wa moyo. Nilimwambia mapema kwamba upande huo ni wangu, akasema, "Nilishajua."

Sasa sikiliza. Barua ndefu zinakuchosha, nimeona. Kila Jumatatu utanitumia kadi. Neno moja. Unalijua.

Dada

3 Septemba

Nipo.

10 Septemba

Nipo. Nimekula. Si sabuni.

17 Septemba

Nipo.

5 Oktoba

Chiriku,

Hatujambo hapa. Cherehani ya ukutani imeanza tena kuruka mishono, kumbe haikuwa dirisha. Gauni la Mama Waya limebaki vifungo. Nimempa mikono mifupi, ana mikono mizuri, mpelekee habari hizo.

Kadi ya wiki ya mwisho ya Septemba haikuja siku yake. Sikula vizuri. Shemeji yako alitaka kunifariji kwa kunitengenezea saa yangu, nikamwambia aiache.

Imefika leo. Nilipoiona kwa mbali mikononi mwa mtu wa posta nilijua si mwandiko wako, ni ile saba yenye mkia kwenye anwani. Nilikaa kwenye ngazi kabla ya kuigeuza. Amekuandikia hivi:

"Yupo. Amelala. Leo ameomba chai ya rangi, kali, kama ya mama yenu."

Nimeisoma na miwani na bila miwani. Kadi imebanwa juu ya cherehani yangu, ninapoweza kuiona nikishona.

Nimemjibu yeye kwanza, kabla yako, ukurasa mzima, na nimemweleza chai hiyo inavyochemshwa. Usione wivu.

Dada